Nilisema Jeni za Ngano Zinaruka Kama Bisi: Naomba Kurekebisha



Wale mliokuwepo usiku wa chama chetu mwezi wa kumi na moja mtakumbuka nilivyosimama na projekta, baada ya pilau na kabla ya muziki, nikawaeleza habari za ngano. Nilisema, na waliorekodi kwa simu ni mashahidi, kwamba ukiunganisha aina mbili za mimea kupata ngano mpya, vipande vya DNA vilivyokuwa vimelala huamka vyote na kuanza kuruka ovyo kama bisi kwenye sufuria. Mlicheka, mkapiga makofi, na mimi nikashuka jukwaani kifua mbele.

Leo naomba kuirudisha kauli ile. Hakuna aliyenilazimisha. Ila baada ya kama wiki mbili, mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana wa Narok, alinifuata maktaba akaniambia, "Kaka, nimempigia mzee simu, nimemwambia asipokee ile mbegu." Mbegu gani? Akaeleza kwamba baba yake analima ngano, na jirani amemshauri ajaribu mbegu mpya ambayo kwenye ukoo wake kuna nyasi mwitu, iliyochaguliwa kwa sababu inavumilia kutu. Kijana alikuwa amesikia maneno yangu kuhusu jeni zinazoruka, akaona bora amwokoe mzee mapema.

Jamani, nilihisi baridi mgongoni. Mimi ni mhandisi wa umeme, nasomea uchakataji wa mawimbi na data. Ngano nimeingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu rafiki wa idara ya mimea aliomba msaada wa programu za kuhesabia. Nilitoa mhadhara wa kuchekesha watu, na mhadhara ukafika shambani Narok kabla sijamaliza kuuhakiki.

Hebu nianze upya, taratibu.

Ngano tunayopikia chapati na maandazi ni ndoa iliyofungwa mara mbili. Kwanza nyasi mbili za pori zilikutana, laki kadhaa za miaka iliyopita, zikazaa ngano yenye seti mbili za kromosomu, ambazo wataalamu huziita A na B. Ukoo huo ndio uliotupa ngano ya tambi. Halafu, kama miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, wakati watu wameshaanza kulima, ngano hiyo ilikutana na nyasi mwitu mwingine, Aegilops tauschii, mwenye seti ya D. Mtoto wao akabeba seti zote tatu, kromosomu 42. Mmea wa namna hiyo, unaobeba seti kamili za wazazi zaidi ya mmoja, huitwa poliploidi. Kwa hiyo anayeogopa ngano "iliyochanganywa na majani ya porini" aelewe kwamba kila chapati aliyokula tangu utotoni imetokana na mchanganyiko huohuo. Haikufanywa na maabara yoyote. Ilifanyika pembeni mwa mashamba, upande wa bahari ya Kaspi, na pengine hakuna aliyegundua siku hiyo.

Sasa jenomu ya ngano ni kitu cha kutisha kwa ukubwa. Ramani kamili iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa kimataifa wa watafiti ilikuwa na herufi bilioni 14.5, wakati ya binadamu ina kama bilioni 3.1. Katika herufi hizo zote, jeni zenyewe, zile zinazotengeneza protini, ni sehemu ndogo sana. Kama asilimia 85 ni vipande vihamaji, yaani vipande vya DNA vyenye uwezo, au vilivyowahi kuwa na uwezo, wa kutoka hapa kwenda pale ndani ya jenomu. Vimehesabiwa takriban nakala milioni 4. Vingine hufanya kazi kama fotokopi: chenyewe kinabaki mahali pake, kinatoa nakala ya RNA, nakala inageuzwa kuwa DNA na kubandikwa kwingine. Hao ndio retrotransposoni, na ndio wengi. Wengine hukatwa na kuhamishwa, kama mtu anavyong'oa kigingi cha hema na kukipiga mahali pengine.

Ukiwa na wapangaji milioni 4 wa aina hiyo ndani ya nyumba, lazima uwe na ulinzi. Mmea unao. Unabandika alama ndogo za kikemikali, methili, juu ya DNA ya vipande hivi ili visisomwe. Na kuna RNA fupifupi zinazozunguka kama sungusungu, zikikuta kipande kimeanza kusema zinaita walinzi waje wakifunge tena. Wengi wa wahamaji hawa ni wazee waliokwisha kuharibika, hawawezi kwenda popote hata ukiwafungulia mlango.

Swali ni hili: siku ya ndoa, sungusungu wa nyumba moja wanapokutana na wahamaji wa nyumba nyingine wasiowafahamu, ulinzi unashika au unavunjika?

Aliyeuliza swali hili kwanza kwa uzito wake ni Barbara McClintock, mama wa Kimarekani aliyegundua vipande vihamaji kwenye mahindi miaka ya 1940, akapewa Nobeli mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 81. Katika hotuba yake ya Nobeli alizungumzia mshtuko wa jenomu: kwamba jenomu ikipata msukosuko usio wa kawaida, mojawapo ukiwa kuunganishwa na jenomu ya aina nyingine, inaweza kujibu kwa kuwaamsha wahamaji na kujipanga upya. Ni wazo zuri sana. Mimi nililisoma nikalipenda, na kulipenda ndiko kulikoniponza. Nilikwenda kwenye data nikiwa najua tayari nitakachokikuta.

Nieleze nilivyokosea, maana wengi humu mnafanya kazi na data na kosa hili lina ndugu zake kila idara. Rafiki yangu alikuwa na vipimo vya DNA kutoka mimea ya aina tatu: mzazi mwenye seti A na B, mzazi mwenye seti D, na mtoto wao mpya aliyetengenezwa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vipande vya kila ukoo wa wahamaji na kuona kama mtoto ana vingi kuliko alivyorithi. Nikachukua wastani wa wazazi wawili, nikalinganisha na mtoto. Loo! Koo kadhaa zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 20 na zaidi. Nikachora grafu nyekundu. Ndiyo ile mliyoiona.

Grafu ile ilikuwa uongo, na uongo wenyewe ni wa hesabu ya darasa la saba. Chukulia ukoo wenye nakala 10,000 kwa mzazi wa AB na 1,000 kwa mzazi wa D. Mtoto anatakiwa kuwa na 11,000, hakuna la ajabu. Lakini mashine ya kusoma DNA haikupi idadi ya nakala. Inakupa uwiano, vingapi katika kila kiasi cha DNA kilichosomwa. Mzazi wa AB ana DNA kama herufi bilioni 10, kwa hiyo ana nakala 1,000 kwa kila bilioni. Mzazi wa D ana kama bilioni 4, kwa hiyo 250 kwa bilioni. Wastani wangu ukawa 625. Mtoto, nakala 11,000 ndani ya bilioni 14, anatoka na 785 hivi. Ukilinganisha 785 na 625 unapata ongezeko la karibu asilimia 26, na hakuna kipande hata kimoja kilichoruka! Nilitakiwa kumpa mzazi wa AB uzito wake, kama mara mbili na nusu ya mwenzake. Aliyeniona ni dada mmoja wa Kenya anayesomea uzalishaji wa mimea. Alikaa kimya mhadhara mzima, kesho yake akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hao wazazi uliwachanganya kwa uwiano gani?" Nilirudi kwenye kompyuta. Baada ya kurekebisha, zile nyekundu karibu zote zilirudi kwenye mstari.

Na hata ungesawazisha uwiano, bado kuna mtego. Vipande vilivyosomwa ni vifupi, herufi 150 hivi, na nakala za ukoo mmoja zinafanana kama mapacha. Kipande kimoja kinaweza kuwa kimetoka sehemu elfu moja tofauti. Programu nyingi hukichagulia nyumba kwa kubahatisha, halafu sisi tunakuja na kusema "tazama, hapa pameingia mgeni."

Nilikuwa na grafu ya pili, ya RNA, na hiyo haikufa. Katika vizazi vya mwanzo baadhi ya retrotransposoni zilikuwa zinasomwa zaidi kuliko kwa wazazi. Hapa kuna jambo la kweli, na lilijulikana zamani kabla yangu. Mwaka 2003 Khalil Kashkush, Moshe Feldman na Avraham Levy, waliokuwa Taasisi ya Weizmann kule Israel, walionyesha kwamba katika ngano mpya waliyoiunda wenyewe, retrotransposoni iitwayo Wis 2-1A huamka na kuanza kusomwa kwa wingi. Lakini kusomwa si kuruka. Kutoa nakala ya RNA ni hatua ya kwanza tu. Inabidi nakala hiyo igeuzwe kuwa DNA, ipenye kwenye kiini cha seli, ibandikwe, na yote hayo yatokee kwenye seli zitakazozaa chavua au yai, la sivyo kizazi kijacho hakitaona kitu. Kuwasha gari asubuhi siyo kufika Morogoro. Wenzetu wale walipotafuta mlipuko wa nakala mpya hawakuukuta.

Walichokikuta ni kitu ambacho kwangu mimi kinavutia zaidi kuliko bisi. Retrotransposoni za aina hii zina sehemu ya kuwashia kila mwisho. Ile ya mwisho wa mbali imeelekea nje, kwa jirani. Mnakumbuka zile baa za mtaani ambazo spika yake imegeuziwa dirisha la nyumba ya pili? Baa haijahama, lakini wewe hulali. Basi Wis 2-1A ikiamka husoma yenyewe na kuendelea kusoma mpaka ndani ya jeni iliyo karibu. Kama imeelekea upande mmoja na jeni, jeni inasikika zaidi. Kama imeelekea upande wa kinyume, inatengeneza RNA iliyopinduka, na jeni inaweza kunyamazishwa. Hakuna kilichohama, na mmea umebadilika.

Na ulinzi wenyewe hulegea kweli, tusijidanganye kwa upande wa pili. Utafiti uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba ngano ikishaongezewa seti, zile RNA fupi zinazolinda dhidi ya wahamaji hupungua kwa uwiano. Mwaka huohuo Yaakov na Kashkush waliripoti mabadiliko makubwa ya alama za methili pembeni mwa transposoni katika vizazi vinne vya kwanza vya ngano mpya ya seti tatu, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba vipande fulani vidogo vya kundi la Stowaway vilihama kweli katika vizazi hivyo. Kwenye tumbaku iliyoundwa maabara pia kuna retrotransposoni zilizoonekana mahali papya baada ya vizazi vichache. Kwa hiyo wapo wanaohama. Ninachokataa sasa ni neno "mlipuko", na zaidi ninaikataa sufuria yangu ya bisi.

Ninaikataa kwa sababu ramani kubwa imeshasomwa. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na Thomas Wicker lilipitia nakala zote zile karibu milioni 4 kwenye ngano ya mkate. Kama ndoa ilileta mlipuko, alama zake zingebaki. Hazipo. Seti A, B na D zina koo zilezile za wahamaji kwa viwango vinavyokaribiana, na sehemu kubwa ya wahamaji waliingia zamani, wazazi wakiwa bado wanaishi mbalimbali. Umri wao unapimwa kwa ujanja ambao mhandisi yeyote ataupenda: retrotransposoni inapozaliwa ncha zake mbili zinafanana kabisa, herufi kwa herufi, halafu miaka inavyopita kila ncha inakusanya makosa yake. Hesabu tofauti, pata umri. Kweli, saa hii ni ya mshale wa saa tu, haina mshale wa dakika. Miaka 10,000 ni midogo mno kwake. Ndiyo maana ushahidi wa ramani unahitaji kukaa pamoja na ule wa ngano zinazoundwa upya maabara na kufuatwa kizazi kwa kizazi, na huko nako kundi la Ufaransa mwaka 2010 lilikuta kwamba kimuundo mtoto ni jumla ya wazazi wake, karibu bila nyongeza.

Walikuta pia kitu ambacho hakimo kwenye hadithi za kuvutia. Baadhi ya ngano mpya hupoteza kromosomu au kuongeza, unapata 41 au 43 badala ya 42, na hii inategemea wazazi gani wameoanishwa. Hilo ndilo la kumtia mkulima wasiwasi, na mimi sikulitaja hata kwa sentensi moja, maana halirukiruki.

Kuna kisa kingine ambacho laiti ningekisimulia usiku ule. Kanada kulikuwa na ngano ya mkate iitwayo Canthatch, iliyokuwa inashikwa na kutu ya shina. Mwanasayansi E. R. Kerber alifanya kitu cha kinyume na ndoa: aliiondolea seti nzima ya D, akabaki na ngano ya A na B tu, akaiita Tetra Canthatch. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1964. Basi ile iliyobaki, ambayo kila kitu ilichonacho kilikuwa tayari ndani ya Canthatch, ilionekana ina kinga dhidi ya kutu ambayo mama yake hakuwa nayo. Kinga ilikuwepo muda wote, imenyamazishwa na seti D! Mwaka 1980 Kerber na mwenzake walimfuatilia mnyamazishaji mpaka kwenye mkono mmoja wa kromosomu ya 7D. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2020 ndipo jeni yenyewe ikapatikana. Na si kipande kihamaji. Ni jeni ya kawaida inayosaidia kuendesha usomaji wa jeni nyingine.

Maoni yangu, na mhariri kaniambia ukurasa huu ni wa maoni, ni kwamba sisi tunaosoma sayansi huku nje tunapenda mno kinachoruka. Kinachonyamazishwa hatukioni kwa sababu hakina picha. Mtu akitaka kujua ngano mpya itakuwaje, aanze na nani amezimwa, nani sauti yake imepandishwa na jirani, na kromosomu zimetimia au la. Wahamaji wachunguzwe pia, lakini kwa uwiano sahihi, na RNA isihesabiwe kama safari.

Na jambo hili si la Kanada na Israel tu. Ile aina ya kutu ya shina inayoitwa Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, kwenye ngano zilizokuwa na kinga ya Sr31 iliyokuwa inategemewa karibu dunia nzima. Ikaingia Kenya, Ethiopia, Sudan, ikavuka mpaka Yemen na Iran, na kwetu Tanzania ikathibitishwa mwaka 2009. Mimi nimekulia chini ya mlima Hanang, jirani na mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, najua unga ukikosekana mama ntilie anasema nini. Tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha Njoro, Kenya, ndiko ngano kutoka nchi nyingi zinapelekwa kupimwa mbele ya ugonjwa huu, maelfu ya mistari kila mwaka. Baadhi ya ngano hizo zina babu wa maabara: kituo cha CIMMYT cha Mexico kimeunda zaidi ya ngano 1,000 mpya kwa kurudia ile ndoa ya kale, ngano ya seti A na B kwa Aegilops tauschii. Sababu ni kwamba ndoa ya kwanza ilitokea mara chache sana, kwa hiyo kinga nyingi za nyasi mwitu zilibaki porini. Mojawapo, Sr33, ililetwa kupitia ngano iliyoundwa kwa kumwoanisha Tetra Canthatch yuleyule na nyasi mwitu. Jeni yake ilitambuliwa kikamilifu mwaka 2013, na inatoa kinga ya wastani dhidi ya Ug99.

Kwa maneno mengine, nilichokidhihaki kwa bisi ni njia mojawapo ya kumwokoa baba wa kijana wetu asipoteze shamba.

Nilimpigia mzee mwenyewe. Nilianza na "Shikamoo mzee", akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayetembea. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyesema jeni zinaruka, na kwamba nilikosea hesabu. Akacheka, akasema alishangaa kidogo kwa sababu hata ng'ombe chotara wake hawajawahi kuruka. Nikamwambia mbegu anayopewa siyo ile ngano ya maabara yenyewe. Ile ya maabara hata kupura ni kazi, punje zake zimebanwa na makapi magumu. Inarudishwa kuoanishwa na ngano nzuri za shambani, watoto wanachaguliwa msimu baada ya msimu, kinachobaki ni sehemu ndogo ya ule mwitu, na wenye kromosomu zisizotimia huchujwa humo njiani. Nikamwambia pia ukweli mwingine, kwamba kinga inaweza kushindwa baadaye kwa sababu kutu nayo inabadilika. Tangu Ug99 igunduliwe, zimeshazuka aina nyingine za ukoo wake zinazoshinda kinga ambazo yenyewe haikuzishinda.

Akaniuliza maswali matatu. Itashika kutu? Itavunja lini, mwezi wa ngapi? Na ikianguka kwa upepo, kombaini itaiokota? La kwanza nilimjibu nilivyoweza. Mawili ya mwisho nilimwambia amuulize anayemuuzia mbegu, na amuulize pia ilipimwa wapi na kwa misimu mingapi. Kuhusu kuruka hakuuliza tena.

Amesema mwaka huu atapanda ekari mbili za hiyo mpya kando ya barabara, ambapo ataiona kila akipita, na kwingine ataweka mbegu yake ya zamani. Kijana wake amehama kutoka kunilaumu, sasa anataka kujifunza kuhesabu nakala. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha kompyuta cha ghorofa ya pili, yeyote anayetaka aje. Data ya jenomu ya ngano iko wazi, hailipiwi. Nitaleta ile grafu nyekundu ya uongo na data yake yote, tuanze kwa kutafuta nilipokosea bila mimi kuwaonyesha. Na yule dada wa Kenya amekubali kuja, kwa sharti kwamba safari hii mimi nikae nyuma.